Ndege wa Marehemu Kaka

Alta Gracia, Jumatatu

Kaka Ramiro,

Baridi imeanza huku. Lile tanuri la kuyeyushia vioo uliloniachia ulipohamia Hispania bado linafanya kazi. Siku hizi nasubiri lipoe lenyewe. Zamani nilikuwa na papara, nikifungua mapema kioo kinapasuka.

Bi Herminia, yule muuza jamu wa meza ya jirani gulioni, anakusalimu. Hapana, nisikudanganye. Anakuombea.

Mteja mmoja aliniuliza nani anatengeneza hawa ndege wa kioo. Likanitoka tu: "Marehemu kaka yangu." Akatokwa na machozi, akanunua watatu. Tangu hapo, kila Jumapili nakuzika upya. Ndege ni wa mikono yangu, jina ni lako. Bi Herminia anakuwashia mshumaa mezani pangu, na nikinyamaza ananifokea, "Lia, mwanangu! Unajikaza kama askari jeshi?"

Nami nalia kweli, Ramiro. Barua zangu huzijibu tena, na machozi yale sijawahi kuyaigiza.

Njoo Jumapili yoyote, uniumbue mbele ya gulio zima.

Mdogo wako,
Griselda