Safi au Si Safi

Jumanne, 5 Agosti

Tiketi zimefika! Baba Chiriku kapewa kazini — yake, yangu, ya mtoto, na moja ya ziada. Hiyo ya ziada, bila kuulizwa mtu, ni ya mama yake. Sawa. Jumamosi tunakwenda bustani ya mabembea, ile yenye gurudumu kubwa linaloonekana kutoka barabara kuu. Chiriku wetu, miaka saba na mdomo wa miaka sabini, kapiga kelele mpaka jirani kagonga ukuta.

Ndipo mama mkwe akauliza swali lake, taratibu, huku anamenya chungwa: huyo mtoto wenu atakula nini huko? Mtoto wenu! Akigoma kula nyama ni wetu. Akishika namba moja darasani ni mjukuu wake.

Nikasema atakula kama watu wanavyokula. Akacheka. Akasema huko hakuna jiko la kubembeleza mtu. Na akirudi na njaa, basi kuanzia Jumapili ale kinacholiwa na wote, nyama na yote, na mimi nifunge mdomo. Baba Chiriku alikuwa ameinamia simu. Simu yenyewe ilikuwa imeisha chaji.

Nimekubali dau. Hasira ndiyo iliyokubali, lakini ni hasira yangu na siirudishi.

Alhamisi, 7 Agosti

Niandike hapa, nisije nikasahau kwa nini napigana.

Chiriku aliacha nyama mwaka jana, mwenyewe, hakufundishwa na mtu. Alimuuliza muuza nyama kile kilichoning'inia kilikuwa kinaitwa nani. Yule bwana akacheka, akasema hakina jina. Basi. Tangu siku hiyo hataki. Hilo peke yake ningeliweza. Shida ni kwamba hata hizo mboga anazichagua! Wali usiguse maharage. Viazi visinyunyiziwe kitu cha kijani. Kabichi isilainike sana, isiwe ngumu sana.

Mwezi uliopita bibi yake alimpikia maharage, akaapa hayana kitu. Kumbe aliyachemsha na mfupa, kisha akautoa. Mtoto kala, kashukuru, halafu akaukuta mfupa kwenye ndoo ya taka. Siku mbili alikula mkate na maji tu. Hakulia. Afadhali angelia.

Tangu hapo tuna mkataba, mimi na yeye. Naonja kwanza. Nikisema safi, anakula bila swali. Nikisema si safi, tunaacha. Sijawahi kumdanganya, wala sitaanza.

Leo nimepiga simu bustanini, nimeibana kwa bega, suruali ya sare ya mteja iko kwenye cherehani. Binti wa mapokezi mchangamfu kweli: vyakula vyote vipo, dada. Visivyo na nyama? Vipo, kuna kuku. Nikamwambia kuku ni nyama. Akasema basi kuna soseji. Kwa hasira nimeshona mguu wa suruali ukaziba chini! Nimefumua wote.

Ijumaa, 8 Agosti

Viazi tayari. Mahindi ya kuchemsha tayari. Mkate, ndizi. Kila kitu kwenye kibakuli chake, visigusane. Mama mkwe kapita jikoni, kaangalia, kauliza kama tunahama. Nimefunika vifuniko kwa kishindo kidogo.

Jumamosi, 9 Agosti

Mlinzi kazuia vibakuli getini. Vyakula vya nje marufuku. Nimemweleza. Nimemwonyesha mtoto. Yeye kanionyesha bango. Nikamuuliza kama kiazi kinaweza kulipua gurudumu — Baba Chiriku kanivuta mkono, watu wamepanga foleni nyuma. Viazi vyangu vimebaki kwenye kibanda cha mlinzi, na nimemwona anavyoyakodolea macho yale mahindi.

Mama mkwe katabasamu tu, kajiweka sawa mtandio wake. Ningependa aseme, ili nami niseme.

Jumamosi hiyo hiyo, mchana

Naandika nimekaa juu ya kreti ya soda, nyuma ya jiko la mgahawa mkubwa. Nianze mwanzo.

Kibanda cha kwanza soseji. Cha pili kuku. Cha tatu chipsi! Nikachungulia: zinakaangwa kwenye mafuta yale yale, mapaja ya kuku yanaelea pembeni. Saa zinakwenda. Chiriku kapanda kila kinachozunguka, tumbo tupu, midomo imepauka, na bado anadai hana njaa. Hana njaa wapi! Namjua.

Mwisho tukaingia mgahawani. Wali na maharage, kila kimoja kwenye sahani yake! Nikamuuliza mpishi mara mbili. Hayana nyama, mama. Nikaonja.

Mfupa. Ladha ile ile. Nikamrudia. Akakubali kwamba yamechemshwa na nyama, lakini vipande vyote vimetolewa, wamekula wafanyakazi, kwa hiyo hayana nyama. Alisema bila hila yoyote. Hakuona kosa liko wapi.

Nikarudi mezani. Chiriku anautazama mdomo wangu. Mama mkwe naye anautazama. Baba Chiriku kaniinamia sikioni.

"Sema safi, yaishe. Mtoto ataanguka huyu."

Neno moja tu. Mtoto angeshiba, dau ningeshinda, Jumapili ingekuwa yangu. Nimeogopa jinsi lilivyokuwa karibu na ulimi.

"Si safi," nikasema.

Chiriku kasukuma sahani. Kasema asante, mama. Nilitaka kumkumbatia na kulia, sikufanya hata kimoja. Baba yake kaenda kununua maji, hasemi nami. Mama mkwe kainuka na pochi yake, kaondoka. Nikajua anakwenda kula kuku wake wa ushindi.

Haya! Dau nimeshindwa, lakini ni dau tu. Jumapili waijaze meza nyama wakitaka. Sitafunga mdomo wangu, na wa mtoto haufunguliwi kwa nguvu na mtu. Nimemshika Chiriku mkono, tumezunguka mpaka mlango wa nyuma wa jiko, nimewaambia sitoki hapa mpaka nipewe sufuria iliyooshwa, maji na moto. Msimamizi kasema huo si utaratibu. Basi nimekaa mlangoni pa utaratibu wake. Wahudumu wananiruka na masinia.

Ngoja. Mama mkwe huyo anakuja — anatokea ndani ya jiko! Mikono imeloa, mtandio kaufunga kiunoni. Kashika sahani: wali upande huu, kabichi upande ule, havigusani hata punje. Mpishi anamfuata nyuma, analalamika kwamba sufuria imesuguliwa mpaka imebadilika rangi. Mama mkwe hamsikii. Kaweka sahani kwenye mapaja ya mtoto. Mimi hanitazami.

Nimenyoosha mkono nichukue kijiko nionje. Chiriku kanizuia.

"Wewe acha, mama. Bibi aonje."

Kamkabidhi kijiko. "Bibi, safi?"

Mama mkwe kaonja wali. Kaonja kabichi. Mjukuu wake anautazama mdomo wake kama anavyoutazama wangu. Mpishi naye anautazama. Nina kalamu tu mkononi, sina la kufanya nayo isipokuwa kuandika. Anatafuna polepole. Bado anatafuna.