Sekunde Kumi na Tano za Ungo

Jumanne, 8 Julai 2025

Nisamehe, daftari. Tangu Idd sijakuandikia hata mstari — mwezi mzima. Sina sababu nzuri. Swaumu anaota meno, baba yake yuko kijijini kwao Malolo anapulizia mikorosho salfa, na mimi nimechoka kuanzia kwenye nyayo.

Ila kuna kitu najifunza. Rahel, niliyesoma naye hapa Nachingwea, yuko Dodoma na kikundi cha vijana wanaotengeneza mchezo wa simu. Wimbo unapigwa, vidoti vinashuka kwenye kioo, unavigonga kwa kidole kufuata mdundo. Kila wimbo una leveli yake. Kabla vidoti havijaanza kuna picha zinazotembea, sekunde kumi na tano, za kukuingiza kwenye wimbo. Hiyo ndiyo kazi yangu. Kwanza unachora visanduku kwenye karatasi kwa mfuatano — hapa kinatokea nini, sekunde ya ngapi. Wanaita storibodi. Halafu unaviingiza kwenye kompyuta kimoja kimoja.

Wimbo nimetoa mimi. Siku ya Idd kule Malolo tulikuwa jikoni wanawake watatu tunamenya karanga. Mama Hadija, mama mkwe wangu, akageuza ungo, akaupiga kwa vidole na kuimba. Nikarekodi kwa simu. Rahel alipousikia akasema mdundo kama huo hawana.

Alhamisi, 10 Julai

Sekunde moja wameikata vipande elfu! Nilidhani ni utani. Ungo nimeuambia uonekane kwenye kipande cha elfu mbili, kidole kiguse kwenye elfu mbili na mia nne. Nikaicheza. Kidole kinagusa, sauti inakuja baadaye, kama mtu anayecheka wenzake wakishamaliza. Rahel akanielekeza kwa simu: nizicheleweshe picha zote kwa pamoja, nisihangaike na moja moja. Nilikuwa nimeshahangaika na ishirini na moja.

Swaumu alilala dakika arobaini. Umeme ukakatika kwenye ya thelathini na tano, na betri ya kompyuta ni mbovu. Sikuwa nimehifadhi.

Jumamosi, 12 Julai

Imekubali.

Ungo mtupu. Mikono ya wanawake watatu inaingia, inamenya karanga humo. Kila pigo, karanga zinaruka. Mwisho karanga zinageuka vidoti, na mchezo unaanza. Nimeiangalia mara tisa. Mgongo unauma, macho yanauma, sijali.

Leveli zinafungwa tarehe ishirini, kikundi kinachagua tatu. Rahel ameipeleka ya kwangu leo watu waijaribu. Jumatatu Mama Hadija anakuja hapa kutibiwa magoti. Nitamwonyesha.

Jumatano, 16 Julai

Nimemwonyesha Mama.

Mama alikuwa ametoka hospitali na dawa yake ya kuchua, yuko kwenye mkeka, Swaumu mapajani. Nikamwekea kompyuta mbele. Akaona mikono kwenye ungo, akacheka, akasema yule wa kushoto anamenya kama mgeni wa njaa. Ndipo sauti yake mwenyewe ikaanza kuimba.

Akanyoosha mkono, akaifunika kompyuta kama unavyofunika sufuria. Akauliza nani mwingine amesikia. Nikamweleza: Rahel, kikundi, mchezo. Akauliza kama kuna wanaume. Nikasema wapo.

Akaniangalia.

"Mama Swaumu, wewe ulichezwa wapi?"

Miaka minne ya ndoa hakuna aliyewahi kuniuliza. Wote walichukulia kwamba nilipita unyagoni kama kila mwanamke wa kwao. Mwaka wangu ulipofika nilikuwa shule ya bweni, baba akasema masomo kwanza. Mwaka uliofuata mama yangu hakuwepo tena duniani. Basi ikapita. Na mimi nilinyamaza — nikakaa nao jikoni, nikaitikia nyimbo zao za Kimwera kama ninayeelewa.

Nikasema sikuchezwa.

"Basi aliyekosea ni mimi, kuimba mbele yako," alisema. Taratibu tu. "Ule ni wimbo wa ndani. Mwali anausikia akishaingia. Nje hautoki."

Bora angenigombeza.

Jumapili mabinti kumi na mmoja wanaingia unyagoni kule Malolo, na yeye ndiye kungwi wao mkubwa. Anasema wimbo ukiwa bado uko nje, hawezi kusimama mbele yao. Itabidi awaambie makungwi wenzake na akae pembeni. Ameifanya kazi hiyo tangu baba Swaumu hajazaliwa.

Nimemwandikia Rahel afute. Hajajibu. Mama amembeba Swaumu mgongoni hadi jioni, kama kawaida. Mimi hakunisemesha.

Ijumaa, 18 Julai

Rahel amepiga asubuhi. Kwamba nisikuze mambo. Kwamba wachezaji wengine hata Kiswahili hawajui, sembuse Kimwera, nani atajua ni wimbo gani. Kwamba ya kwangu ndiyo inayoongoza kati ya zote na ninajiharibia jina. Nikamwambia jina langu aniachie niliharibu mwenyewe, yeye afute.

Akasema hata yeye ni Mmwera wa Mnacho na hajawahi kusikia habari hizo. Nikamuuliza kama alichezwa. Akasema ndiyo, ila siku zile aliumwa malaria, anakumbuka uji tu.

"Basi kamuulize bibi yako," nikasema, nikakata simu. Nikaenda kufua.

Mchana nimefuta sauti kwangu, kwenye kompyuta na kwenye simu, Mama akiona. Picha nimeshindwa kufuta. Nikazicheza hivyo hivyo. Mikono inapiga ungo, kimya. Mama alisimama nyuma yangu mpaka karanga zikamaliza kuruka. Nikamwuliza, nikiwa sijageuka, kama kuna nyimbo nyingine, za nje, za karanga tu.

"Zipo nyingi. Niulize Jumatatu."

Hakusema kama Jumatatu hiyo atakuwa bado ni kungwi.

Jumamosi, 19 Julai

Rahel ameandika. Bibi yake amemsema dakika ishirini nzima, mpaka salio likaisha. Amefuta, anaomba radhi. Nikamsomea Mama. Mama hajui kusoma. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza hayo maneno ameandika nani, maana hata mimi, mkwewe, ningeweza kuyaandika. Sikukasirika. Miaka minne nimemwacha aamini kitu ambacho hakipo — leo aniamini kwa lipi?

Tena si hilo tu. Mmoja wa waliojaribu, Evarist, alishaipakua leveli pamoja na wimbo kwenye simu yake. Yuko safarini, hapokei.

Begi la Mama liko mlangoni, wazi, nusu limejaa. Kanga nyekundu anayovaa unyagoni bado iko kwenye kamba, imeshakauka, hajaianua. Gari la Ruangwa, la kumpeleka Malolo, linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nimemwambia kesho nitamsindikiza mpaka Malolo na wenzake nitawaambia mimi, kwa mdomo wangu, nani alitoa wimbo na kwa nini hakujua kwamba ni wa ndani. Alitikisa kichwa, sijui kukubali au kunihurumia.

Swaumu ana homa kidogo. Nimempa dawa, nimembeba, naandika nimesimama.

Naandika hapa kwanza mambo ya kumwambia Rahel, nisisahau. Anitumie picha ya ukurasa wa kikundi inayoonyesha leveli haipo. Anirudishie nakala yao ya faili langu la picha, bila sauti, pamoja na orodha ya sekunde za mapigo. Majina ya wote walioijaribu, si Evarist peke yake. Kutoka kwa Evarist, neno lake mwenyewe kwamba amefuta, na kama kuna aliyemsikilizisha, amtaje. Halafu sauti yake yeye Rahel. Maandishi hapana. Aseme kwa Kimwera, aanze na jina la bibi yake, Mama ajue ni mtoto wa nani, amwambie wimbo umerudi ndani. Ifike kabla ya saa kumi na mbili, gari halijaondoka.