Koki Iliyokesha Wazi

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Nimeenda kazini kwa miguu. Pikipiki usiiwashe, petroli imefurika hadi kwenye injini.

Jana niliipanda mara ya kwanza tangu tumzike mama yako. Leo ikagoma. Nimesafisha plagi, nimefungua kabureta, nimemtukana fundi asiyekuwepo. Kumbe koki ya tangi imekesha wazi. Miaka yote nilikuwa naikuta imefungwa asubuhi, nikidhani nimeifunga mwenyewe. Alikuwa ni mama yako, usiku akienda kufunga mlango wa uani. Hata siku moja hakunisimanga.

~~Jioni unifungie koki.~~ Hapana, usinifungie. Nitazoea, halafu nitasahau tena kwamba kuna mtu anaifunga.

Baba