Tundu la Sakafuni

Mama yangu, shikamoo.

Leo Birmingham ni ukungu mtupu. Jirani yangu hapa mtaani Saltley, mzee wa Kifini, kwao kaskazini kwenye barafu nene, amejenga kibanda cha mbao cha kukokota juu ya ziwa likiganda, akae ndani avue samaki. Aliniomba nikiezeke bati. Nikakuta tundu sakafuni. Unanijua, nikaliziba vizuri kabisa. Mzee alicheka hadi machozi: kumbe ndoano hupita hapo hadi majini, chini ya barafu! Nikashika nyundo nilizibue, akanizuia.

“Liache tu, Juma. Miaka mitano nangoja, barafu ya huku nyembamba, hainibebi.”

Sasa kila jioni hukaa humo, uani, amevaa koti.

Mungu akupe afya, mama. Chumba changu msimpe mtu.

Mwanao,
Juma