Mume wa Miaka Saba

Jumatatu, 17 Machi
Wodi asubuhi, darasa mchana. Wanafunzi wamechelewa, mvua ya Kitui ni udhuru halali. Jioni nimeanza wasifu wangu wa kazi, mahakama inautaka Alhamisi nikitoa ushahidi kama daktari wa akili: shahada, vyeo, miaka ya kufundisha. Unachosha. Kesi ni ya Susu Kavata (susu kwetu ni nyanya, yaani bibi). Wakisema ni mgonjwa wa akili, mjukuu wake atapelekwa makao ya watoto.

Jumanne, 18 Machi
Nimesoma ripoti ya Daktari Neema, msaidizi wangu, aliyemlaza Kavata mwezi jana. Kazi safi: halali usingizi, hali chakula, amemzika binti yake, mama wa mjukuu. Kisha hii: "Anaamini mjukuu wake Musyoka, miaka saba, ni mumewe marehemu."
Nilicheka. Halafu nikaogopa. Ripoti iko kortini tayari.
Neema alilelewa Nairobi. Aliandika alichosikia.

Jumatano, 19 Machi
Kavata amekuja kliniki kutoka nyumbani, Kwa Vonza. Nikamuuliza mume yuko wapi.
"Shule. Hata kamba za viatu hajui kufunga, Daktari, lakini kuku akichinjwa, paja ni lake!"
Na yule wa kwanza?
"Yule tulizika. Huyu alichukua jina."
Ni hayo tu. Kwetu mtoto hupewa jina la babu, na nyanya humtania kama mume. Ana huzuni. Hana wazimu.
Nimemweleza Neema. "Prof, nimemharibia?" Bado, nikasema. Aje kortini.
Sina hakika hakimu ataelewa.

Alhamisi, 20 Machi
Wakili wa upande wa pili, wanaotaka mtoto apelekwe makao, alisoma wasifu wangu polepole, kisha akauliza ni shahada gani hufundisha mambo ya waume wa miaka saba.
Hakuna, nikasema. Susu yangu wa Mukuyuni aliniita mume wake hadi alipokufa.
Korti ikacheka. Hakimu pia. Neema akasimama, akairekebisha ripoti yake mwenyewe. Nilimwonea fahari.
Musyoka anabaki na nyanya yake. Kavata atakuja kliniki kila mwezi. Huzuni nayo hutibiwa.

Ijumaa, 21 Machi
Kumetulia. Kavata ametuma ndengu (choroko), "kutoka kwa mume wangu". Neema amebeba nusu.
Jioni nimeufungua tena wasifu. Juu ya shahada ya kwanza nimeongeza mstari: Mukuyuni, kwa Susu Nduku.
Cheti sina.