Mawe Yamemwokoa Mawe

Mwanza, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu,

Shikamoo. Na wewe mdogo wangu Koku unayemsomea Mama, marahaba, hata kama hujaniamkia. Soma taratibu, usiruke panapokusema. Mama, kifua kimetulia? Ile migomba aliyoipanda kaka Deo imezaa? Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, na wasichana wa mtaa huu wananigeukia mpaka shingo zinawauma.

Uliniuliza kama marehemu Deo aliacha chochote hapa kwenye duka la gemu, alipofanya kazi kabla yangu. Nilikujibu hakuna, hata shati. Sasa kipo.

Ni kaseti ya zamani ya kuchomeka kwenye mashine ya televisheni, ya gemu la safari. Mtu anatembea tu, anavuka mito, anapanda vilima vyenye ukungu kama wa Nyabiyonza asubuhi, ule unaoficha ng'ombe ukabakiza pembe. Ukianza unampa mtu wako jina, na kaseti inalitunza pamoja na mahali ulipofika, hata ukizima. Juzi niliiwasha kuijaribu. Jina lililokuwemo ni MAWE.

Mzee Hamadi, mwenye duka, akacheka. "Hata kaseti inaomba mawe! Betri yake ya ndani imechoka. Ikifa, inasahau yote. Itupe."

"Mzee, hayo siyo mawe ya redio."

"Basi ni ya kumpigia mwizi?"

"Ni mama yangu."

Akanitazama kama nimemlisha senene wabichi. Watu wa mjini, Mama! Kwao mawe ni kokoto au betri. Watajuaje kwamba sisi jino likiuma tunalia "Mawe!" nawe unakuja mbio kutoka kibanjani na jembe mkononi? Ni Deo tu angekuandika hivyo. Kisha akakutembeza nchi nzima, wewe ambaye hujawahi kupita Rubwera.

Betri yenyewe ni ndogo kama kifungo cha koti, imechomelewa ndani. Ukiing'oa tu, jina limekwenda. Fundi redio akataja bei ya mbuzi mzima. Nikamwambia asante, fundi ninaye, ndiye mimi.

Nilikumbuka ulivyobomoa jiko la zamani: kwanza ulihamisha moto kwa kijinga cha kuni, ukaukoleza kule kupya, ndipo ukaangusha ukuta. Basi nikachukua mawe ya tochi, nyaya za redio mbovu, na msumari nilioupasha kwenye mkaa niyeyushie risasi ya kuchomelea. Nikayaunganisha kwanza yale mawe kwenye kaseti, yalishikilie jina lako. Ndipo nikang'oa betri iliyochoka, nikaweka nyingine niliyoitoa kwenye kaseti iliyopasuka.

"Ukiiunguza, usiseme nilikutuma," Mzee Hamadi akasema mlangoni.

Nikaiombea kaseti kwa sauti, kama mgonjwa. Koku, hapo usimsomee mtu mwingine.

Nikawasha. Giza. Giza tena. Halafu ukungu, halafu wewe, umesimama kando ya mto mbele ya kijumba, na dirishani taa inawaka. Hapo ndipo Deo alipokuacha. Mzee Hamadi akavua kofia, akakiambia kioo cha televisheni, "Shikamoo, mama." Haki ya Mungu.

Kaseti amenipa. Asubuhi kabla ya wateja nakuwasha, nakuamkia, kisha nabaki nakutazama. Mama, kuna wakati ule ukungu kama unamwagika dukani, nasikia harufu ya kahawa iliyoanikwa uani, na mtu nyuma yangu anapiga mluzi kwa namna yake Deo. Sigeuki. Nikigeuka ataacha.

Nisalimie baba mdogo wa Kituntu, mwambie huyu mtoro wa darasa la sita sasa anaitwa fundi. Nisalimie shangazi anayeimba kwaya kwa kupiga kelele, na bibi, umwambie senene wangu asiwaguse.

Kitufe cha kutembea sijakigusa. Nijibu, Mama: nikuvushe mto, au nikuache hapo hapo alipokusimamisha?

Mwanao mtundu,
Mugisha