Mkwe, Shuka na Datsun ya Jumapili

Mpendwa Dada Verediana,

Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mwandiko ukipinda nivumilie, na msaada wako nauomba upesi kwa sababu nyumbani kwangu siku hizi mpishi ni mimi, na mimi najua kupika chai tu. Naitwa Isakwisa, kwetu ni Tukuyu, nakaa Mbeya mjini, ni dereva wa lori la mizigo, Ndola nimefika, Lubumbashi nimefika mara nne, nimekula mezani na Wagiriki, basi usije ukanidhania mtu wa juzi, ingawa shule niliiachia darasa la sita kwa ugomvi na mwalimu wa hesabu, na mpaka leo naamini aliyekosea ni yeye.

Dada, mimi nina gari. Sizungumzii lori la tajiri, nazungumzia gari yangu mwenyewe, Datsun 1600 SSS, nyekundu, kabureta mbili, aina ile ile iliyochukua rali ya Safari mwaka sabini, niliipata kwa Mzungu wa mashamba ya chai kule Mufindi alipokuwa anarudi kwao, na siku ananipa ufunguo alilia, na hakulia kwa ajili ya kuondoka Tanzania. Jumatatu hadi Ijumaa gari inalala chini ya turubai na mimi nakokota lori kama mtu anayesukuma nyumba, lakini Jumamosi ikifika naifunua, naipangusa, naitia moto, na mtaa mzima unajua Isakwisa ameamka. Ukiwa gia ya tatu ukakanyaga, zile kabureta zinavuta pumzi pamoja na kiti kinakusukuma mgongoni, na kutoka Igowole mpaka Mbeya mimi natumia saa mbili na nusu, na nikisema saa mbili na nusu ni pamoja na kusimama Makambako kunywa soda. Majirani wenye wivu wanasema zile herufi za nyuma maana yake ni Siku Sita Stoo, kwa sababu kama unavyojua Jumapili ikishagonga saa nane mchana magari yetu ya binafsi ni marufuku barabarani mpaka Jumatatu asubuhi kwa ajili ya kubana mafuta, lakini mimi nawajibu kwamba maana yake ni Shika Sana Sukani.

Sasa sikiliza nilivyoonewa. Mdogo wangu Ezekia, mwalimu wa shule kule Igowole, alioa Jumamosi moja mwezi uliopita. Mke wangu Alinanuswe alitangulia kwa basi tangu Jumatano kwenda kusaidia kupika, mtoto wetu Roza tukamwacha kwa bibi yake Kiwira, na mimi Jumamosi nikampakia baba yangu mzazi mbele kwenye Datsun tukafika kama mawaziri. Kwenda hakukuwa na neno. Neno lilikuwa kurudi, maana kwetu sisi mke wa mtu na baba mkwe wake wanaogopana, hawaonani uso, hawakai chumba kimoja, mzee akitokea njiani mke anaingia migombani mpaka apite, na mke wangu ameishika hiyo heshima miaka sita bila kuteleza hata siku moja. Kwa hiyo alisema yeye angerudi kwa basi Jumatatu.

Lakini dada, fikiria mbele ya wageni wote wale, mke wa mwenye SSS anapanda basi na kuku. Shemeji zangu wapya wangesemaje? Jumapili asubuhi nilikuwa nimeshawazungusha wageni kumi na tano, watatu watatu, mpaka Nyololo na kurudi, nimefungua boneti wakaona zile kabureta, mzee mmoja akauliza kama zinaliwa, basi nikatamka hadharani kwamba gari yangu haishindwi, inabeba ukoo mzima. Baba alikuwa ameshavaa koti tangu alfajiri, amekaa kwenye benchi na mkongojo wake. Nikafunga kamba kutoka dirisha hili mpaka lile, nikaning'iniza shuka katikati, mbele baba na mimi, nyuma Alinanuswe peke yake, kajifunika na kanga juu. Akili ya namna hiyo hata Ulaya ni wachache wanayo. Yeye aliniambia tena kwamba basi linamtosha, nikamwambia aingie, saa zinakwenda, na kweli ilikuwa saa tano na nusu na saa nane polisi hawana msamaha.

Mpaka Makambako tulikwenda salama, na soda nikaacha. Tukashuka kwenye tambarare ya Usangu, lami imenyooka, nikafungua kioo baba apate hewa na mshale ukapita mia na arobaini. Baba alishika mkongojo wake kwa mikono miwili, nikajua anafurahi. Karibu na Chimala nikaona ng'ombe. Dada, siyo ng'ombe watano, ni ng'ombe kama mia mbili, wanavuka barabara polepole kana kwamba waliitengeneza wao. Nikakanyaga breki, na breki za SSS ukizikanyaga zinashika, gari ikasimama palepale, ila aliyekuwa nyuma hakusimama. Alinanuswe alikuja na shuka, na kamba, na kanga, akapita katikati ya viti, na tulipotulia mikono yake ilikuwa shingoni mwa baba yangu, uso kwa uso, wote wawili ndani ya shuka moja.

Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini heri wangeumia kidogo. Mke wangu alitoka akakimbilia kwenye shamba la mpunga akasimama ametugeuzia mgongo. Baba akatoka upande wake, naye akasimama amegeuza mgongo. Mwenye ng'ombe, Msukuma mmoja anaitwa Nkuba, wale waliohamia Usangu na mifugo yao, akaja mbio akidhani tumekufa. Akatazama mgongo mmoja, akatazama wa pili, akaona ile shuka, nadhani hata kwao mkwe anaogopwa, akaelewa bila kuelezwa.

"Shikamoo mzee, pole sana," akamwambia baba. "Gari lenu lina mbio, lakini halina vyumba."

Nilitaka kumjibu, lakini baba alimshika mkono yule Nkuba, mtu ambaye hamjui, akamwambia, "Mwanangu, nionyeshe basi linaposimama." Mimi niko pale, mwanawe wa kuzaa, na ufunguo mkononi, hakunitazama. Nilipomfuata mke wangu kwenye mpunga alisema neno moja tu, na bado amegeuka, "Baba Roza, nilikuambia nitapanda basi." Wakaondoka kwa mabasi mawili tofauti, na wakati nabembeleza huku na huku saa nane ikapita, polisi wa Chimala akaniamuru niegeshe, nikakaa pale na SSS yangu mpaka Jumatatu asubuhi, watu wanakuja kuitazama kama msiba.

Tangu hapo Alinanuswe yuko Kiwira kwao na Roza, wiki ya tano hii. Nasikia hatoki, hata kanisani haendi, maana kuna midomo inayosema alimkumbatia baba mkwe wake barabarani. Kwa desturi hawezi kurudi kwangu mpaka baba atamke kwamba yamekwisha, na baba amemtuma baba yangu mdogo kuniambia hatatamka neno maadamu lile gari lipo. Dada, hii ni haki? Gari imekosa nini? Ilisimama ilipoambiwa isimame. Ng'ombe hawakushtakiwa, shuka haikushtakiwa, inashtakiwa SSS. Mtu nimejinyima, sinywi pombe, sina mwanamke wa pembeni, raha yangu ni siku moja na nusu kwa wiki, na hiyo wanataka kuninyang'anya. Niuze gari nipate mke, au nisimame imara mpaka wazee waelewe kwamba dunia inakwenda mbele?

Ni mimi niliyeonewa,
Isakwisa, Mbeya.

Isakwisa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, nisikufiche. Mara ya pili nilikasirika, na hasira hiyo haijapoa.

Unauliza gari limekosa nini. Halijakosa kitu. Hapo tu ndipo tunapokubaliana. Mila pia haijakosa, usinijie na dunia inakwenda mbele. Baba yako na mkeo walikuwa wamejipangia vizuri kabisa, mmoja na gari, mwingine na basi, wala hakuna aliyelalamika. Aliyelalamika ni wewe, kwa sababu basi lina kuku.

Mkeo alikuambia atapanda basi. Akakuambia tena mkiwa mlangoni mwa gari. Akakuambia mara ya tatu akiwa ndani ya mpunga, ameshaaibika. Mara zote tatu umeziandika kwa mkono wako na bado hukumsikia. Kabureta unazijua zinavyopumua, mkeo hujui.

Na tufanye hesabu kidogo. Igowole mpaka Mbeya ni saa mbili na nusu, umesema mwenyewe kwa kujigamba. Baba yako alikuwa amevaa koti tangu alfajiri. Ungeondoka naye saa kumi na mbili asubuhi ungemfikisha saa mbili na nusu, ungemrudia mkeo saa tano, na saa saba na nusu mngekuwa Mbeya wewe na yeye, yeye amekaa mbele kama malkia, bila shuka, na nusu saa ya kunywa ile soda imebaki. Gari lenye mbio kiasi hicho ulishindwaje kwenda nalo safari mbili? Asubuhi hiyo na mafuta hayo uliyamaliza kwa kuzungusha wageni na kufungua boneti. Isakwisa, yule mwalimu wa hesabu alikuwa na haki.

Nimeona pia kwamba wewe si mtu mbaya. Mtu mbaya asingehangaika kutundika shuka, angewaambia tu wakae. Ulitaka wote uwapendao wapande kitu chako kizuri siku moja. Hilo nalielewa, na ndiyo maana nakusema kama ndugu. Lakini huwezi kumpa mtu heshima kwa kumlazimisha aipande.

Sasa fikiri kuhusu mzee. Unadhani analichukia gari? Alikwenda nalo Igowole Jumamosi wala hakusema kitu. Mzee amefedheheka mbele ya mkwe wake, na wa kulaumiwa ni mwanawe, na hataki kulitaja jina la mwanawe kwenye baraza, kwa hiyo ametaja gari. Amekusitiri. Wewe badala ya kushukuru unalitetea gari.

Na mwanamke wa watu amejifungia Kiwira wiki tano kwa kosa lako. Hilo ndilo linalonichoma. Midomo inasema alimkumbatia mkwe, na mtu mmoja tu aliyekuwa ameshika usukani anaweza kuifunga, naye yuko Mbeya anapika chai.

Fanya hivi. Usiuze gari, maana ukiliuza utakaa miaka ishirini ukimkumbusha mkeo kwamba uliuza kwa ajili yake. Lifunike turubai. Omba ruhusa kwa tajiri wako, siku ya kazi, panda basi mpaka kwa baba yako, na uwaite wazee wote wa ukoo mbele yake. Sema kwa sauti kwamba mkeo alikataa na wewe ukamlazimisha, kwamba kosa ni lako tangu mwanzo mpaka mwisho. Ng'ombe wa kusafisha jambo hili, kama wazee watamtaka, atoke kwako, asitoke hata mguu wa kuku kwa wakwe zako. Kama mzee bado atadai gari liondoke, basi liondoke, lakini sidhani kama atadai.

Baba akishatamka, nenda Kiwira. Kwa basi, usije ukaniharibia kazi. Yale uliyowaambia wazee yaseme tena mbele ya mama mkwe wako na majirani, halafu unyamaze. Najua kunyamaza ni kazi kwako, jaribu. Usimwambie Alinanuswe twende. Mwulize kama atarudi, na akikubali mwulize anataka kurudi na nini.

Akisema basi, kata tiketi mbili, mpakate Roza, na kuku akikaa karibu na mguu wako msogezee nafasi.

Verediana